Dobi Aliyekwenda Kuomba Damu

Kila alikoingia, Dobi aliomba maji. Hata kama ametoka kunywa muda ule ule, hata kama chupa yake mwenyewe imejaa na ameishika mkononi. Akivuka kizingiti tu, kabla hajaketi, kabla hajamaliza kujibu salamu, utamsikia: "Naomba maji." Akipewa alikunywa mafunda mawili, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, ndipo akatafuta pa kukaa. Alifanya hivyo kwa majirani, kwa mafundi, maofisini, na nyumbani kwa mdogo wake ambako angeweza kujichotea. Tabia hiyo hakuiacha mpaka mwisho.

Mwalimu, mke wa huyo mdogo wake, aliteseka nayo sana miaka ya mwanzo ya ndoa. Wifi ni wifi, hata akija na tabasamu. Mwalimu aliamini anakaguliwa: kama ndoo imefunikwa, kama vikombe havina shombo, kama mke huyu wa vyuo anajua kuosha kitu zaidi ya ubao wa darasani. Alikuwa mtu wa hofu tangu utotoni, mwenye kulala na ufunguo chini ya mto, na hofu yake haikuchagua makao; iliweza kukaa hata ndani ya kikombe.

Siku moja akamvaa mumewe aliyekuwa akipiga randa ubao uani. "Dada yako ana kiu gani isiyokwisha?"

Seremala alicheka mpaka vumbi la mbao likamtoka kwenye nyusi. "Hana kiu. Anakupa nafasi ya kumpa kitu kidogo. Anasema mtu akishakupa maji, kukufukuza kunamwia vigumu."

"Mimi nina mpango wa kumfukuza?"

"Huna. Lakini alinilea kwenye nyumba za watu, mke wangu. Leo kwa mjomba, kesho kwa binamu ya mjomba. Kuna waliotupokea kwa vigelegele wakatutoa kwa fagio. Tangu hapo haamini karibu ya mdomo. Anataka kwanza aone mkono."

Baada ya hapo Mwalimu alimwekea wifi yake kikombe chake peke yake, cha bati, chenye ua la buluu. Hawakuwa marafiki bado. Lakini kikombe kilikuwapo.

Jina la Dobi lilitokana na kazi. Alifua hospitalini, kwenye chumba kirefu nyuma ya wodi, chenye masinki ya saruji na sakafu isiyokauka. Asubuhi mashuka yaliletwa kwa toroli, yamefungwa mafurushi, na kila wodi ilikuwa na furushi lake. Furushi la wodi ya wazazi ndilo lililokuwa zito. Mashuka yale yalilowekwa kwenye maji baridi, kwa kuwa damu ikikutana na maji moto hung'ang'ania kitambaa kama mtoto anayeachishwa ziwa. Dobi aliyakoroga kwa mti, akaona maji yakibadilika rangi, akayamwaga, akaweka mengine. Hiyo ndiyo damu aliyoijua yeye, ile iliyokwisha kutoka. Ya kurudisha ndani ya mtu hakuiona, na alipoanza kuulizia aliambiwa kwamba mara nyingi haikuwapo. Friji ya damu ilikuwapo, imesimama, inanguruma, tupu.

"Wifi, yaani friji inakula umeme kama mtu anayekaa mezani bila kazi," alimwambia Mwalimu jioni moja, kikombe cha bati mkononi. "Na mama wa watu kule ndani anakwisha."

Mwalimu alisema ni jambo la kusikitisha. Ndivyo watu wanavyosema.

"Nimeomba likizo. Zote zile nilizokuwa sijazichukua. Nakwenda na baiskeli mpaka mji wa mwisho, kule lami inakoishia."

"Kufanya nini?"

"Kuomba damu. Kila kijiji, kila mtaa. Waende wakachangie kwenye hospitali iliyo karibu nao."

Seremala aliweka kijiko chini. "Dada, utalala wapi?"

"Popote watakaponikaribisha."

"Watu usiowajua?"

"Ninaowajua wote wako mtaa huu, mdogo wangu, na damu yao wamekwisha kuninyima."

"Basi beba hata hela ya gesti."

"Sibebi. Wala chakula. Nikienda kumwomba mtu damu yake, nitaanzaje kama naogopa kumwomba mkeka?"

Usiku huo Seremala alimwomba mkewe afuatane na dada yake. Shule zilikuwa zimefungwa, na Mwalimu alikuwa na baiskeli aliyoiendesha kwenda kazini miaka yote, na miguu yake ilikuwa mizuri kuliko moyo wake. Mwalimu alikubali kwa sababu aliogopa kukataa. Ndivyo waoga wengi wanavyofika mahali pa hatari.

Hospitali iliwapa fulana nyeupe zenye tone kubwa jekundu kifuani, na bahasha ya vipeperushi vilivyochorwa mkono na sindano. Muuguzi mkuu aliwapiga picha. Kwenye picha ile Dobi anacheka, kidole kiko kwenye kengele ya baiskeli kama kawaida yake. Aliipenda kengele ile kupita kiasi, aliipigia hata mbuzi. Mwalimu anatazama pembeni, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa na askari.

Walipita vijiji, mashamba, vituo vya mafuta vilivyofungwa, madaraja ambayo Mwalimu alishuka akayavuka kwa miguu. Dobi hakujua kulia wala kushoto. Alionyeshwa njia kwa ukarimu na kila mtu, akapotea kwa uaminifu. Jua likianza kuteremka ndipo Mwalimu alipoanza kubaki nyuma, kwa kuwa saa hiyo wifi yake alianza kutazama nyumba. Hakuchagua nzuri. Alichagua yenye mlango wazi, akashuka, akapiga hodi, akasubiri, na akijibiwa tu: "Naomba maji."

Walilala kwa mchomelea vyuma, chumba kimoja na mageti yasiyo na wenyewe. Walilala kwa bibi mwenye saluni, kwenye viti vya wateja. Walilala darasani, wakafunikwa pazia. Kila mahali Mwalimu alilala na viatu, kiti amekiegemeza mlangoni, macho yakihesabu nyufa za dari, huku Dobi akikoroma kando yake kama cherehani iliyoishiwa mafuta. Mwalimu alisikiliza nyayo za wenyeji wao zikienda msalani na kurudi, na kila zilipopita mlangoni alijiambia: sasa. Zilipita. Asubuhi mtu yule yule aliyemwogopa alikuja na uji, akauliza kama mbu hawakuwasumbua, na Mwalimu alishindwa kumtazama usoni.

Na wakati wa chakula Dobi alizungumza. Hakuhubiri. Alisimulia mashuka.

"Yangu mimi, mama, haimtoshi hata mbu," mchomelea vyuma alimwambia, akijipiga kwenye mkono mwembamba. Watoto wake wakaanguka kwa kicheko. Lakini asubuhi alikuwa ameondoka kabla yao, na walipokuwa wakifunga mizigo kwenye keria alirudi, mkono umekunjwa, pamba imebandikwa juu ya mshipa. Alijizungusha uani ili mkewe, jirani, na kuku wamwone vizuri.

"Umeona?" Dobi alimwambia Mwalimu barabarani.

Mwalimu aliona. Kuona hakukumwondolea hofu. Kulimfanya aone aibu pia.

Kisha tairi la Mwalimu likapata pancha, kwenye kituo kidogo chenye mashine ya kusaga na fundi baiskeli mmoja. Dobi alikwenda kwenye foleni ya waliokuja kusaga, kusimulia mashuka yake. Fundi alichovya tyubu kwenye beseni, akatafuta mapovu, akapaka gundi. Akawa anaitazama fulana ya Mwalimu kuliko alivyoitazama tyubu.

"Dada, mnaelekea kule juu?"

"Ndiyo."

"Kule msitajetaje damu." Alibana kiraka kwa kidole gumba. "Kuna maneno. Wanasema kuna watu wanapita na kunyonya watu damu usingizini. Kuna muuza vyombo alikaribia kuuawa. Mtu wa watu, anauza masufuria."

"Nani alimwona akinyonya?"

"Dada, maneno ya namna hiyo yanahitaji wa kuyaona?"

Mwalimu alimweleza wifi yake. Dobi alisikiliza, akatazama barabara inavyopanda, akasema, "Basi huko ndiko wanakoihitaji zaidi. Mtu anayeogopa kunyonywa anajua thamani yake."

"Wifi, hawa wanaua."

"Nimesikia." Akapanda baiskeli. Kengele hakuipiga.

Mwalimu aliingia nyuma ya mashine ya kusaga, akavua fulana, akaigeuza, akaivaa tone likiwa ndani. Lilimgusa kifuani, lenye rangi nzito, la baridi. Dobi hakuona, au aliona akanyamaza. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta kwa ajili ya upepo, na tone lake lilikuwa chini ya sweta bila kusudi lolote.

Walifika kijiji cha juu mchana, mvua ikitishia. Nyumba yenye mlango wazi ilikuwa ya mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na uani kwake kulijaa mabanda ya kuku. Walimwita Mama wa Kuku. Aliwapa maji kabla Dobi hajamaliza kuyaomba, akawavutia viti sebuleni, akamwonyesha Dobi bafu la nje, maana alikuwa ametapakaa vumbi mpaka masikioni. Pembeni, kwenye kochi, aliketi mama mkwe wake, kikongwe mwenye macho makali, akichambua mboga.

"Karibuni sana," Mama wa Kuku alisema. "Wanawake wawili kwa baiskeli! Mnakwenda wapi jamani?"

Dobi alikuwa bafuni. Mwalimu alikuwa peke yake na swali. "Tunakwenda kumwona mgonjwa," alisema.

"Poleni. Nani wenu?"

"Mama." Akaona haitoshi. "Mama mdogo. Ameanguka."

"Maskini. Ameanguka wapi?"

Uongo ni kama kuku wa mtu. Ukishamshika mmoja unaanza kukimbizana na wengine. Mwalimu alisema ngazi, kisha akasema kisima. Kikongwe aliacha kuchambua mboga.

Dobi akaingia akijipangusa shingo, sweta mkononi, tone jekundu kifuani kwake likiwa kubwa kama papai. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeoga. "Ahsante, mama, umenirudishia uso. Sisi bwana tunazunguka kuomba watu wachangie damu."

Nje kuku mmoja alilia kwa kero.

"Mwenzio anasema mnakwenda kwa mgonjwa," Mama wa Kuku alisema polepole.

"Mgonjwa yupi?" Dobi aliuliza, akamgeukia Mwalimu kwa mshangao wa kweli. Mshangao ule ndio uliowaponza.

Kikongwe akanyoosha kidole. "Na huyu mbona mshono wa fulana uko nje?" Kabla Mwalimu hajajikunyata, mkono ule mkavu ulikuwa umeshika ukosi na kuuvuta, na wote wanne waliliona tone kwa ndani, limefichwa.

"Tulinyeshewa," Mwalimu alisema. Mvua haikuwa imenyesha.

Mama wa Kuku alisimama. Uso wake ulikuwa umebaki na adabu, lakini nyuma ya adabu hapakuwa na mtu. "Nakwenda dukani mara moja," alisema, akamshika mama mkwe wake mkono, wakatoka wote wawili. Hakuna anayempeleka kikongwe dukani mara moja.

"Wifi, tuondoke," Mwalimu alisema.

"Tukitoka mbio tumekiri."

"Tukikaa tumekufa!"

Dobi alikwenda mlangoni. Mwanamke wa jirani alikuwa amesimama kwenye ua, mikono imefungwa kifuani. "Dada," Dobi alimwambia, "naomba maji."

Mwanamke yule alimtazama. Hakujibu, hakusogea. Nyuma yake akatokea mwingine, akasimama vile vile. Kisha mwanamume. Dobi alirudi ndani akaketi bila maji, kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu amjue.

Watu walikusanyika kama wanavyokusanyika kwenye moto, kwanza kimya, kisha kila mtu na sauti yake. Mwalimu aliwaona kupitia dirisha: muuza bucha na aproni yake, kijana wa pikipiki, wanawake wenye ndoo walizosahau kuziweka chini. Mifuko ya Mwalimu na Dobi ilikuwa bado kwenye keria za baiskeli. Mtu aliifungua, akavitoa vipeperushi, picha ya sindano ikapita mkono hadi mkono. Kisha akaitoa pampu, na mpira wake mwembamba ukaning'inia.

"Hii hapa! Mashine yenyewe! Huu ndio mrija!"

"Hiyo ni pampu ya baiskeli, mjinga wewe," mtu alisema.

"Ndivyo wanavyojificha! Ulitaka waiandike jina?"

"Kwani wewe nyumbani huna pampu?"

"Mimi yangu haina mrija mrefu hivi!"

Mtu akacheka. Kicheko kile kilimtisha Mwalimu kuliko kelele, kwa kuwa kilikuwa cha kawaida kabisa, cha sokoni, na aliyecheka hakuacha kusogea mbele. Jiwe la kwanza lilipiga bati la paa. Mwalimu alishuka sakafuni bila kujua ameshuka. Sauti ikasema, "Watoeni!" nyingine ikaitikia, kisha nyingi, mpaka neno likapoteza maana na kuwa mdundo. Ikaja harufu. Aliijua kabla ya kuuona moshi, kwa kuwa alikuwa amelala kando yake safari nzima: mpira wa tairi, unaungua.

"Ni baiskeli yangu au yako?" Dobi alinong'ona.

"Sijui."

Dobi alikuwa ameikalia mikono yake. Mwalimu alidhani ni utulivu, mpaka alipoona kiti kikitetemeka.

"Wifi," Dobi alisema, "nimebanwa na mkojo, na mlango wa bafu uko nje."

Kitu kilimtoka Mwalimu kooni, kicheko au kilio. Alitambaa mpaka kwenye kiti, akayashika magoti ya wifi yake. Kumbe hata huyu. Miaka yote alikuwa amedhani mwenzake ameumbwa bila kiungo kile kinachoogopa.

Ndipo mlango ukafunikwa. Mama wa Kuku alikuwa amerudi, mgongo wake mpana umewaelekea wao, uso umeelekea watu.

"Ondoka, mama!" muuza bucha alisema. "Si wewe uliyetuita?"

"Niliwaita. Nimekuja mbio nimewaita." Sauti yake ya kuitia ng'ombe ilikuwa imepasuka. "Lakini nimewapa maji hawa. Nimewapa kiti. Ni wageni wangu."

"Wanyonya damu hao!"

"Kama wananyonya, mimi ndiye niliyewaingiza, wataanza na mimi! Mkitaka kuwapiga, subirini watoke kwangu. Wakiwa kwangu hampigi mtu. Nitaiambia nini nyumba yangu? Mgeni wa nani atavuka tena kizingiti hiki?"

"Unawaamini?"

"Siwaamini hata kidogo!" Mama wa Kuku alilia. "Nawaogopa mpaka mifupa! Mwiteni muuguzi wa zahanati aje awaangalie. Mpaka hapo mlango ni wangu."

Hawakuondoka, lakini hawakuingia. Mwalimu alikuja kulifikiria jambo lile mara nyingi baadaye, kwa namna yake ya kufikiri inayozunguka na kurudi. Mwanamke yule hakuwatetea kwa kuwa alijua ni watu wema. Alikuwa na hakika ni waovu. Alisimama pale mgongo wake ukiwa wazi kwa wanyonya damu wawili, uso wake ukiwa wazi kwa mawe, kwa sababu tu alikuwa amekwisha kuwapa maji.

Muuguzi alifika na pikipiki pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa msichana mwembamba mwenye hasira. Alikitazama kipeperushi, akaitazama fulana, akapiga simu hospitali mbele ya wote akaiweka sauti juu, na sauti ya muuguzi mkuu ikajaa uani: "Huyo ni dobi wetu! Mmemfanya nini dobi wetu?"

Moto ulizimika mmoja mmoja, machoni mwa watu. "Sisi tulikuwa tunauliza tu," mtu alisema. Muuza bucha alivua aproni, akaikunja, akaikunjua tena. Kijana wa pikipiki ndiye aliyesogea mbele, macho chini. "Mama, baiskeli iliyoungua ilikuwa ya nani?"

"Yangu," Dobi alisema. Kengele ilikuwa imebaki, nyeusi, kwenye usukani usio na mpira. Aliitazama kidogo. "Sasa jamani, bafu."

Jioni walipewa chai. Karibu kijiji kizima kilileta kitu na kukaa nacho kwa aibu, na Dobi, sauti yake ikiwa bado haijatulia, alianza kusimulia mashuka. Hawakucheka. Kikongwe alisema kuwa binti yake mwenyewe alikwisha hivyo, akivuja damu uzazini, na hakuna aliyewaambia kwamba kuna kitu kinaweza kurudishwa.

Mwalimu hakusikia mengi. Alikuwa akitazama mikono ya watu, mkono mmoja mmoja, akijiuliza ni upi uliorusha na ni upi uliowasha. Iliyomkabidhi kikombe ilikuwa na masizi.

Asubuhi lori la maziwa lilikuwa linateremka kurudi upande wa kwao. Mwalimu alisema, "Wifi, siwezi." Alikuwa ameandaa maneno mengi usiku, na hayo ndiyo yaliyobaki.

"Najua."

"Turudi wote."

"Nikirudi leo, kijiji hiki kitabaki kuwa mahali tulipokimbia. Niachie baiskeli yako." Dobi alimfungia mfuko, akamsukuma kwa nyuma apande kwenye kibanda cha dereva, kama anavyosukumwa mtoto wa shule. "Na mdogo wangu akikuuliza, mwambie tulipewa chai. Si uongo."

Nyumbani Mwalimu alimwambia mumewe kwamba walipewa chai, na kwamba goti lake lilimsumbua. Seremala alimtazama, akarudi kwenye randa yake. Hakumuuliza ni goti gani, na Mwalimu alijua kwamba ameelewa na ameamua kuogopa kimya kimya, kiume.

Kuanzia hapo hofu ilihamia kwenye simu. Dobi alipiga kwa simu za wenyeji wake, kila mara namba mpya, kila mara sauti ya kuku au watoto wa watu nyuma yake. Kila namba ngeni iliyoita, Mwalimu alisimama kwanza, akaushika ukuta, ndipo akapokea. Na kila mara ilikuwa Dobi: amepotea njia tena, amelala kwa fundi saa, kila saa inagonga kwa wakati wake yenyewe, kijiji cha juu wamekwenda hospitali kwa lori la maziwa, wamejaa nyuma kama makopo, Mama wa Kuku mbele. "Muuza bucha amezimia alipoona sindano, wifi. Mtu anayechinja!"

Alikuwa hajafika lami inakoishia alipopata homa. Waliomhifadhi walimkuta ameegemea baiskeli kando ya uzio wao, wakamwingiza ndani. Walimpeleka zahanati, akarudishwa na dawa. Walikuwa wakitafuta gari la kumpeleka mbali zaidi alipozidiwa. Simu ya mwisho kutoka nyumba ile aliipiga mwenye nyumba, mwanamke aliyelia kana kwamba amefiwa na dada, akiomba radhi, akiomba radhi tena, kwamba mgeni amefia mikononi mwao. Seremala alikwenda kumleta. Alimkuta amefumbwa macho, ameoshwa, amezungukwa na wanawake asiowajua waliokesha naye. Fulana yake ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa juu ya mfuko.

Lakini siku moja kabla ya simu hiyo namba ile ile iliita, saa ya Mwalimu kuandaa chakula cha mchana. Alisimama, akaushika ukuta. Sauti ya Dobi ilikuwa ndogo, ikitoka mbali na mdomo, kama vile mtu mwingine amemshikia simu sikioni.

"Wifi, una nini?" Mwalimu aliuliza.

"Kahoma tu. Nimelala kitandani kwao, wao wamelala chini. Nimewakatalia, hawasikii."

"Kwa nani hapo? Ni watu gani? Unawajua majina?"

"Majina nimeyasahau. Wananipa maji kila saa, wala siombi."

"Nakuja. Unasikia? Nakuja mimi mwenyewe, kesho. Niambie ni wapi, wifi, niambie mahali."

Mwalimu alisikia mtu akinong'ona upande ule, kisha pumzi, kisha kitu kama kicheko cha wifi yake, kimechoka.

"Wifi, kata sasa. Simu ya watu hii, na wenyewe wanaona haya kuidai."